Neti ikikatikakatika, acha kulalama bila ushahidi

INTANETI ikipotea siku nzima, kila mtu ataelewa. Mkubwa wako kazini ataelewa, mhadhiri ataelewa, hata kampuni iliyokuuzia huduma itakubali kwamba kuna tatizo. Shida ni ile neti ya kukatika sekunde 20, ikarudi, ikatulia nusu saa, kisha ikapotea tena pale pale unapoulizwa swali kwenye mahojiano ya kazi. Hiyo haina shahidi. Ukipiga simu, inakuwa imesharudi. Fundi akija, taa zote za modemu zinawaka vizuri. Anapima kasi, anakuonyesha nambari, anakwambia "hii iko poa", anapanda pikipiki yake na kwenda zake.

Na bili ya mwezi inabaki ile ile.

Msimamo wetu ni huu: kampuni za intaneti zinapaswa kuichukulia neti ya kukatikakatika kuwa huduma iliyoharibika, si kisirani cha mteja. Lakini nawe msomaji unapaswa kuacha kupeleka malalamiko matupu na kuanza kupeleka ushahidi. Mambo haya mawili yanaenda pamoja. Bila ushahidi wako, kampuni haisukumwi na yeyote. Na kampuni isiposikiliza ushahidi, kazi yako yote ni bure.

Hili si jambo la wapenda filamu pekee. Kijana anayefanya kazi ya kunakili sauti, kufundisha kwa Zoom, kuhudumia wateja wa ng'ambo au kuandika programu, ofisi yake ni ule waya unaoingia sebuleni. Duka likifungwa kila nusu saa kwa dakika moja, wateja watahama hata kama bidhaa ni nzuri. Mteja wa ng'ambo hajui habari za ploti yenu. Anachojua ni kwamba ulipotea mara tatu kwenye kikao kimoja, na wiki ijayo kazi anampa mwingine.

Kwanza, usilaumu bahari

Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Tangu wakati huo, neti ikiyumba kidogo tu utasikia mtu akisema "ni ile kebo ya baharini". Hapana. Waya wa baharini ukikatika, wanaumia watu wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na hata majirani zetu Uganda na Tanzania kwa wakati mmoja, na hali hudumu kwa saa au siku. Waya huo haukatiki kwa sekunde 20 halafu ukajishona wenyewe.

Kama ni wewe peke yako, au ni jengo lenu tu, tatizo liko karibu. Liko katika mojawapo ya sehemu nne: Wi-Fi ya ndani ya nyumba, stima na kifaa chenyewe, waya kati ya nyumba yako na kisanduku cha mtaani, au mtandao wa kampuni kuanzia hapo kwenda mbele. Kazi yako ni kujua ni sehemu gani. Kazi ya kuirekebisha inategemea jibu hilo, na pia nani alipe.

Kwa nini kupima kasi hakusaidii

Wengi wetu neti ikisumbua tunakimbilia kupima kasi. Tunapata nambari, tunapiga picha ya skrini, tunaituma Twitter, sasa X, na kuitaja kampuni. Lakini kipimo cha kasi ni kama picha ya pasipoti. Kinaonyesha ulivyokuwa dakika ile tu. Ugonjwa wa kukatikakatika unahitaji kamera inayokesha.

Filamu nazo zinadanganya. Ukitazama YouTube, simu yako huwa imeshapakua sekunde kadhaa za mbele na kuziweka akiba. Neti ikipotea sekunde 15, unaendelea kutazama akiba hiyo wala hutambui. Simu ya Zoom au mchezo wa mtandaoni hauna akiba. Ndiyo maana mwenzako wa nyumba anakwambia "mbona kwangu iko sawa?" ilhali wewe umetupwa nje ya kikao. Nyote wawili mnasema kweli.

Kamera inayokesha ni amri ndogo iitwayo ping, na iko kwenye kila kompyuta. Inatuma kijiujumbe na kungoja jibu, tena na tena. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike ping -t ikifuatwa na anwani. Utafungua madirisha mawili. La kwanza liulize ruta yako, ambayo anwani yake mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. La pili liulize 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Ukiwa na simu tu, kuna programu za bure zinazofanya kazi hiyo hiyo. Acha madirisha hayo yakimbie huku ukifanya kazi zako.

Neti ikikatika, tazama madirisha yote mawili.

Ikiwa hata ruta haijibu, tatizo liko ndani ya nyumba yako. Kampuni haijahusika bado, isipokuwa kama ruta ni yao na imechoka. Ikiwa ruta inajibu vizuri lakini 8.8.8.8 imenyamaza, basi Wi-Fi yako haina hatia. Shida iko kwenye modemu au huko nje. Ikiwa zote mbili zinajibu lakini tovuti hazifunguki, huenda ni ule mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa nambari, DNS, na unaweza kuubadilisha wewe mwenyewe kwenye mipangilio ya ruta. Na ikiwa zote zinajibu lakini muda wa jibu unapanda kutoka milisekunde chache hadi mamia kila jioni, hapo si waya uliokatika. Ni msongamano. Wateja ni wengi kuliko barabara.

Fanya hivyo siku tatu, na siku moja iwe ya mvua ikiwezekana. Andika saa na dakika ya kila mkatiko kwenye daftari au kwenye simu. Usiandike "jioni ilisumbua". Andika "Jumanne, 8.14 usiku, sekunde 40, ruta ilijibu, nje haikujibu".

Safisha kwako kabla ya kumnyooshea mtu kidole

Tuwe wakweli, mara nyingi kosa liko chumbani. Katika fleti za Pipeline, Roysambu au Kasarani, mlango kwa mlango, kila nyumba ina ruta yake. Masafa ya gigahezi 2.4 yana njia tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Ruta 20 zikigombania njia tatu, fujo ni lazima. Hamia gigahezi 5 kama ruta yako inaiunga mkono. Haipiti kuta vizuri, kwa hivyo iweke ruta mahali peupe, juu ya kabati, wala si nyuma ya runinga au ndani ya droo ya jikoni. Maikrowevu pia hutumia masafa ya karibu na 2.4. Kama neti hupotea kila mtu anapopasha chakula, umeshapata mhalifu wako.

Njia ya uhakika zaidi ni kuunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, japo kwa siku moja ya majaribio. Mkatiko ukiisha, ni Wi-Fi. Ukiendelea, sogea mbele.

Kisha tazama stima. Hapa kwetu nguvu ya stima huyumba, taa zikafifia kidogo na kurudi. Taa haijali, lakini modemu huzima na kuwaka upya, na kuwaka upya kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Kwenye ukurasa wa modemu kuna mahali panapoonyesha imekaa muda gani bila kuzimika. Ukikuta umekatikiwa saa mbili usiku na modemu inasema iliwaka saa mbili na dakika moja, shida ni stima au chaja ya modemu, wala si waya wa nje. Jaribu soketi nyingine. Angalia kama chaja ni ile iliyokuja na kifaa, kwa sababu chaja ya kuokoteza yenye volti au ampea tofauti huleta balaa. Betri ndogo za kushikilia ruta stima ikipotea zinauzwa madukani, na kwa anayefanya kazi nyumbani hiyo si anasa.

Waya mweusi na siri zake

Siku hizi kampuni nyingi zinaingiza faiba, lakini bado kuna mitaa ambapo intaneti hufika kwa waya wa koaksia, ule mweusi mnene unaoleta pia runinga. Waya huu ndio bingwa wa kukatikakatika, na inafaa ujue sababu.

Modemu ya waya huu husikiliza na pia huongea. Kusikiliza hutumia masafa ya juu, kuongea hutumia masafa ya chini. Masafa ya chini ndiyo yanayoingiliwa kwa urahisi na kelele za mota, taa mbovu na redio. Kelele hizo huingia pale ambapo kichwa cha waya kimelegea, kimeshika kutu, au ganda limetobolewa na panya au msumari. Ndipo inapotokea ile hali ya ajabu: unapokea vizuri kabisa, lakini kampuni haikusikii. Modemu inapaza sauti, inapaza zaidi, inafika mwisho wa koo lake, halafu inakata tamaa na kuanza upya.

Haya yote huandikwa. Kwenye modemu nyingi za aina hii, fungua kivinjari na uandike 192.168.100.1. Kampuni nyingine huufunga ukurasa huo, lakini ukifunguka, tazama nambari tatu. Nguvu ya mawimbi yanayoingia inafaa iwe karibu na sifuri, kati ya hasi 7 na chanya 7. Kiwango cha usafi wa mawimbi dhidi ya kelele kinafaa kuwa desibeli 33 au zaidi. Nguvu ya modemu kuongea inafaa iwe kati ya 35 na 50 hivi. Ukikuta modemu inaongea kwa 52 au 53, inapiga mayowe. Kisha tazama orodha ya matukio. Ukiona T3 au T4 nyingi, modemu inasema imeuliza na haikujibiwa, au imengoja zamu yake na haikuitwa. Piga picha ya skrini. Hiyo ndiyo karatasi yako ya daktari.

Kuna vitu unavyoweza kurekebisha mwenyewe bila kuvunja kitu. Kaza vichwa vya waya kwa vidole, kwenye modemu na ukutani. Fuata waya ndani ya nyumba utafute splita, kile kichuma kinachogawa waya mmoja kuwa miwili au minne. Splita ya njia mbili hula desibeli 3.5 hivi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu. Ya njia nne hula karibu mara mbili ya hizo. Katika nyumba za kupanga, mpangaji wa kwanza aliweka splita ya runinga tatu, wa pili akaongeza yake, wewe umerithi zote na huna hata runinga. Ziondoe, unganisha modemu moja kwa moja, kisha tazama nambari tena.

Kama uko kwenye faiba, kanuni ni ile ile ila dalili ni tofauti. Taa ya LOS ikimeta nyekundu, mwanga haufiki. Waya wa faiba uliokunjwa kwa kona kali nyuma ya kochi hupoteza mwanga hata kama haujakatika. Ulegeze, uache ukae kwa mviringo mpana.

Lakini usipande nguzo. Usifungue kisanduku cha nje. Pale juu kuna stima, na mali ile si yako. Kazi yako inaishia ukutani mwako.

Jirani yako ni sehemu ya tatizo, na ya suluhisho

Jambo ambalo fundi hakuambii ni kwamba katika mtandao wa koaksia, kelele inayoingia kwenye nyumba moja husafiri kwenda juu na kuchanganyika na sauti za modemu za nyumba nyingine zote zinazotumia kisanduku kile. Kichwa kilicholegea katika nyumba ya B4 kinaweza kumtoa mtu wa D2 kwenye mahojiano. Ndiyo maana fundi anaweza kubadilisha modemu yako mara tatu na bado ukakatikiwa.

Kwa hivyo kundi la WhatsApp la ploti lisiwe la kutangaza maji yamepotea tu. Weka pale saa za mikatiko yako na uulize nani mwingine amepatwa dakika ile ile. Watu watano wakisema 8.14 usiku, hilo si tatizo la modemu yako tena. Ni la kisanduku, na malalamiko matano yenye saa moja ni mazito kuliko mtu mmoja anayepiga kelele mara hamsini.

Angalieni pia mfanano. Ikikatika mchana wa jua kali na kutulia usiku, joto linavuta waya na kuachanisha kiungo kibovu. Ikisumbua mvua inapoanza na siku mbili baadaye, maji yameingia mahali. Ikisumbua kila jioni kuanzia saa moja hadi saa tano, ni msongamano. Maneno haya matatu, jua, mvua, jioni, yanaweza kumwokolea fundi siku nzima ya kubahatisha.

Ukipiga simu, sema hivi

Wale vijana wanaopokea simu za wateja wana karatasi ya kusoma. Watakuambia uzime na uwashe. Usiwatukane, nao wako kazini. Waambie kwa utulivu: "Nimeunganisha kwa waya. Ruta inajibu, nje hakujibu. Imekatika mara 11 kwa siku tatu, nina saa zote. Modemu inaongea kwa 53. Majirani wanne wana tatizo hilo hilo. Naomba nambari ya malalamiko, na fundi wa kupima waya wa nje, si wa kubadilisha modemu." Mazungumzo yatabadilika papo hapo.

Usikate simu bila nambari ya malalamiko. Bila nambari, simu yako haikupigwa. Na fundi akija, usikubali aondoke baada ya kupima kasi. Mwombe apime mawimbi ukutani, kisha nje, na akuambie nambari hizo. Ziandike mbele yake.

Wakikuzungusha, sheria iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya wateja, ila sharti uanze na kampuni yako kwanza. Ndipo ile nambari ya malalamiko na lile daftari la saa na dakika vinapogeuka kuwa dhahabu. Malalamiko ya "neti yao ni mbovu sana" hayaendi popote. Malalamiko yenye tarehe, picha za skrini na majina ya wapangaji watano waliokubali kutajwa ni vigumu kuyatupa.

Na kwa wenye waya

Kwa kampuni tuna maneno machache. Modemu zenu zinawaambia kila kitu. Nambari zile tunazowafundisha vijana kuzisaka, nyinyi mnaweza kuziona mkiwa mmeketi ofisini. Modemu inayopiga mayowe wiki nzima haifai kungoja mteja apige simu. Rudisheni pesa za saa zilizopotea bila mteja kubembeleza, na msihesabu malalamiko kuwa yamefungwa kwa sababu taa ilikuwa ya kijani dakika tano fundi alipokuwa mlangoni. Fungeni baada ya siku saba za utulivu.

Kwa wenye nyumba, acheni tabia ya kuruhusu kampuni moja tu iingie kwenye jengo. Mpangaji asiyeweza kuhama kampuni hana nguvu ya kudai chochote, na kampuni inajua hilo. Na fundi akija kukagua kisanduku kilicho kwenye ngazi, keateka asiseme ufunguo umekwenda ushago.

Nawe kijana, utaambiwa suluhisho ni kununua bando la simu kama akiba. Ukiwa na mahojiano kesho, nunua, ni busara. Lakini kumbuka unalipa mara mbili kwa kitu kimoja, na kila mwezi unaponyamaza, yule anayepaswa kurekebisha anaona hakuna haraka. Leo jioni fungua yale madirisha mawili, weka daftari kando, na uanze kuandika saa.